Kuingia kwenye klasta ya utafiti na kuhamisha data ukiwa Bagamoyo: mwongozo kamili

Ukifanya utafiti Bagamoyo, mara nyingi data unazo hapa na kompyuta ya kuzichakata iko kwingine. Mji huu ulikuwa mmoja wa vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009, na bado kuna watu hapa wanaoshinda na sampuli za damu na vichupa vya mbu. Sampuli ikishasomwa vinasaba inakurudia kama faili za gigabaiti kwa makumi, na laptopu ya ofisini haiwezi kuzimaliza. Hapo ndipo unapopewa akaunti kwenye klasta: pengine ya chuo kilichoko Dar es Salaam au Arusha, pengine Lengau, ile ya CHPC, kituo cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Cape Town iliyozinduliwa mwaka 2016.

Kuingia ni kazi ya dakika chache. Kinachotesa watu ni kuhamisha data kwa mtandao unaosumbua na umeme unaoondoka bila kuaga. Panga kila hatua ukijua itakatika katikati, ili ikikatika usianze upya. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na hilo.

Klasta ikoje

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, nyingi zikitumia Linux, na watu wengi wanazitumia kwa pamoja. Kila kompyuta humo huitwa nodi. Unapoingia unafikia nodi ya kuingilia. Nyuma yake kuna nodi za kukokotoa, ambazo huziendei moja kwa moja: unaandika maombi ya kazi, unayapeleka kwenye foleni, na programu kama Slurm au PBS inakupangia zamu. Klasta nyingi zina pia nodi maalumu ya kuhamishia data. Uliza kama ipo na jina lake, maana ndiyo utakayoitumia zaidi.

Nodi ya kuingilia ni kama baraza ya nyumba ya watu: unapiga hodi, unaketi, unazungumza yako, lakini hupikii pale. Ukiendesha uchambuzi mzito hapo, wenzako kila mmoja alipo wataona amri zao zinajikokota, na msimamizi atakuzimia kazi bila kukuuliza. Ana haki.

Kabla hujagusa kibodi

Anza na karatasi. Kama data zinahusu watu, hata kwa namba za washiriki tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa utafiti wa afya kuna pia makubaliano ya kuhamisha data yanayopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Usisubiri faili zifike Cape Town ndipo uulize. Majina, namba za simu na vijiji viondolewe hapa hapa Bagamoyo, na orodha inayounganisha namba ya mshiriki na jina lake isipande klasta kabisa.

Kisha piga hesabu ya muda. Hapa wengi wanajidanganya kwa sababu kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Chukua folda ya gigabaiti 40. Mara nane ni gigabiti 320, yaani megabiti 320,000. Kama kasi yako ya kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde, ni sekunde 32,000, karibu saa tisa, tena mtandao usipoyumba. Kasi ikiwa 5, ni karibu saa kumi na nane. Na angalia kasi ya kupandisha, si ya kushusha, kwa sababu mara nyingi kampuni za simu hutangaza ile ya kushusha na ya kupandisha ni ndogo zaidi.

Ukishaijua hesabu hiyo utaamua mwenyewe: utume usiku kwa bando la usiku, utume kwa mafungu, au usitume kabisa kwa mtandao. Hilo la mwisho nitalirudia.

Ufunguo badala ya nywila

Njia ya kuingilia ni SSH, iliyoandikwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kunaswa nywila. Inafunga kila kinachopita kati yako na seva ili mtu wa katikati asikisome. Kwenye Mac na Linux iko tayari. Windows 10 na 11 nazo zinayo: fungua PowerShell, andika `ssh`, uone kama inajibu. Huna haja ya kununua programu yoyote.

Tengeneza jozi ya funguo:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "laptopu-ya-kazini"
```

Itakuuliza pa kuhifadhi, bonyeza Enter. Itakuuliza nywila ya ufunguo. Weka, na iwe sentensi ndefu unayoikumbuka. Kuna wanaoiacha tupu ili wasisumbuliwe. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu laptopu huibwa, na ufunguo usio na nywila ni mlango wa klasta uliofunguliwa kwa yeyote atakayeiokota.

Sasa una faili mbili ndani ya folda ya `.ssh`. Ile `id_ed25519.pub` ni ya umma, hiyo ndiyo unayompa msimamizi. Ile `id_ed25519` isiyo na `.pub` ni ya siri. Haitumwi kwa WhatsApp, haitumwi kwa barua pepe, haikopwi na mwenzako "kwa leo tu". Msimamizi wa kweli hatakuomba hiyo.

Kama klasta inakuruhusu kuingia mara ya kwanza kwa nywila, peleka ufunguo wa umma mwenyewe. Kwenye Mac na Linux:

```
ssh-copy-id mtumiaji@klasta.mfano.ac.tz
```

Kwenye PowerShell amri hiyo haipo, kwa hiyo tumia hii, yote kwa mstari mmoja:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh mtumiaji@klasta.mfano.ac.tz "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"
```

Badala ya `mtumiaji` na `klasta.mfano.ac.tz` weka jina lako na anwani uliyopewa.

Kuingia mara ya kwanza

```
ssh mtumiaji@klasta.mfano.ac.tz
```

Kompyuta itasema haiifahamu seva hiyo, itakuonyesha alama yake inayoanza na `SHA256:`, na kukuuliza kama uendelee. Karibu kila mtu huandika `yes` bila kusoma. Soma. Linganisha alama hiyo na ile iliyoko kwenye barua ya akaunti yako au kwenye maelezo ya klasta. Zikifanana, andika `yes`. Swali hilo halitarudi tena kwenye laptopu hiyo.

Siku likirudi kwa sura ya maandishi makubwa, `WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`, simama hapo. Mara nyingi ni seva iliyojengwa upya, lakini inaweza pia kuwa mtu aliyejiweka katikati, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli. Mpigie msimamizi. Akithibitisha kwamba wamebadilisha, ndipo ufute alama ya zamani kwa `ssh-keygen -R klasta.mfano.ac.tz` na kuingia upya.

Faili moja itakayokupunguzia kazi

Ndani ya `.ssh` tengeneza faili iitwayo `config`, isiyo na `.txt` mwishoni (Notepad hupenda kuiongeza yenyewe), uandike:

```
Host klasta
    HostName klasta.mfano.ac.tz
    User mtumiaji
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 6
```

Kuanzia hapo unaandika `ssh klasta` tu. Mistari miwili ya mwisho ndiyo yenye faida kwa mtu wa huku kwetu: kila sekunde 30 laptopu inaigusa seva ili muunganisho usionekane umelala na kukatwa, na inavumilia kimya cha kama dakika tatu kabla ya kukata tamaa. Kama taasisi yenu inalazimisha kupita kwanza kwenye seva ya getini, ongeza mstari wa `ProxyJump` na jina la seva hiyo.

Kwa klasta zinazodai namba ya kuthibitisha kutoka kwenye simu kila unapoingia, watumiaji wa Mac na Linux wanaweza kuongeza hii chini yake:

```
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/cm-%C
    ControlPersist 4h
```

Ukishaingia mara moja, miunganisho mingine yote ya saa nne zijazo inapita kwenye mlango uleule bila kuulizwa namba. Mtandao ukikatika mlango huo unaweza kuganda. Uzime kwa `ssh -O exit klasta`. SSH inayokuja na Windows haina uwezo huu.

Jambo la kwanza la kufanya ukiwa ndani ni kuandika `tmux`. Hii inafungua kikao kinachobaki hai kwenye seva hata wewe ukitoka. Umeme umekatika, ruta imezimika, umewasha intaneti ya simu: anwani yako imebadilika na SSH imekufa, lakini kikao kiko palepale. Ingia tena, andika `tmux attach`, endelea ulipoishia. Ukitaka kutoka kwa hiari bila kukizima, bonyeza Ctrl na b, achia, kisha d. Kama klasta ina nodi kadhaa za kuingilia, kumbuka uliyoacha kikao chako, maana kwenye nyingine hutakikuta.

Data ikae wapi

Folda yako ya nyumbani klasta kwa kawaida ni ndogo, ina kikomo, na mara nyingi hutunziwa nakala. Ile inayoitwa `scratch` ni kubwa na ya haraka, lakini ni ya muda: klasta nyingi hufuta humo faili zisizoguswa kwa wiki kadhaa, wala hakuna nakala ya akiba. Programu na hati zako ndogo weka nyumbani, data za kuchakata weka `scratch`, na nakala mama ibaki mikononi mwenu. Klasta si kabati.

Kuhamisha: hapa usiwe na haraka

Faili moja ndogo, tumia `scp`:

```
scp orodha.csv klasta:/scratch/mtumiaji/mbu/
```

Kwa kitu kikubwa zaidi iache. `scp` ikikatika kwenye asilimia 95 inaanza tena sifuri, na bando lililokwenda limekwenda. Tumia `rsync`, ambayo inalinganisha kilichoko huku na kilichoko kule, halafu inatuma tofauti tu. Kwenye Windows utaipata ndani ya WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Kumbuka WSL ina folda yake ya `.ssh`, kwa hiyo `config` na funguo vinakiliwe humo. Asiyetaka WSL atumie WinSCP, inayoweza kuendeleza faili iliyokatika.

Tazama kwanza ulichonacho. Picha elfu ishirini za kilobaiti chache chache zinasafiri polepole kuliko faili moja ya uzito uleule, kwa sababu kila faili ina shughuli zake za kufunguliwa na kufungwa. Zifunge pamoja kwa `tar -cf picha.tar picha/`. Lakini faili za `.fastq.gz`, zile za vinasaba vilivyosomwa, tayari zimebanwa. Kuzibana tena ni kuichosha laptopu bure.

Kisha jaribu bila kutuma chochote:

```
rsync -avn sampuli/ klasta:/scratch/mtumiaji/mbu/
```

Ile `n` inamaanisha onyesha tu ungefanya nini. Sasa angalia mkwaju ulioko mwisho wa `sampuli/`. Ukiwepo, kinachokwenda ni vilivyomo ndani ya folda. Usipokuwepo, inakwenda folda yenyewe, na kule utakuta `mbu/sampuli/`. Alama hiyo moja imewafanya watu wengi watume folda nzima mara mbili, sehemu mbili tofauti. Orodha ikikuridhisha, tuma kweli:

```
rsync -av --progress --partial-dir=.vipande --timeout=60 sampuli/ klasta:/scratch/mtumiaji/mbu/
```

`--partial-dir` inahifadhi kipande kilichokwishafika ikiwa mtandao utakatika, na inakiweka pembeni kwenye folda iliyofichika. Hilo la pembeni lina maana yake: usipolifanya, faili nusu inaweza kubaki kule ikiwa na jina kamili, na mwenzako akaichambua akidhani ni nzima. `--timeout=60` inaiambia isisubiri milele ikiwa njia imekufa kimya. Ofisi nzima ikiwa inategemea ruta moja, ongeza `--bwlimit=500`, ambayo inakuwekea ukomo wa kama kilobaiti 500 kwa sekunde, wenzako nao wafungue barua pepe zao. Usiku ukibaki peke yako, iondoe.

Ikikatika, rudia amri ileile bila kubadilisha herufi. Faili zilizokwishafika itazipita, na ile iliyokatikia njiani itaendelea kutoka kwenye kipande chake.

Unaweza kuiachia ijirudie yenyewe:

```
until rsync -av --partial-dir=.vipande --timeout=60 sampuli/ klasta:/scratch/mtumiaji/mbu/
do
  echo "Imekatika, najaribu tena"
  sleep 60
done
```

Kabla ya kuondoka, andika `ssh-add` ili nywila ya ufunguo iulizwe mara moja tu, na uzuie laptopu isilale: kwenye Mac tanguliza `caffeinate -i` kabla ya `rsync`, kwenye Windows badilisha mipangilio ya umeme. Usianzishe mzunguko huu kabla amri haijafanya kazi walau mara moja mbele ya macho yako. Kama tatizo ni kikomo cha nafasi kilichojaa au ufunguo unaokataliwa, itagonga mlango usiku kucha, na klasta nyingi humfungia anayegonga hivyo.

Mahali penye Globus, huduma ya kuhamisha data za utafiti, itumie kwa shehena kubwa. Unaamuru kwa kivinjari, yenyewe inarudia ikikatika na kuhakiki faili, na unapata barua pepe ikimaliza.

Hakiki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Upande wa Bagamoyo, ndani ya folda ya `sampuli`, andika:

```
sha256sum *.gz > daftari.sha256
```

Kwenye Mac ni `shasum -a 256`. Tuma na hilo daftari, kisha kule klasta, ndani ya folda husika:

```
sha256sum -c --quiet daftari.sha256
```

Ikikaa kimya, kila faili imefika kama ilivyotoka. Ikitaja jina la faili, tuma hiyo peke yake tena. Kwa data nyingi, uhakiki huu ni kazi nzito, kwa hiyo upeleke kwenye foleni badala ya kuuendesha barazani. Na usifute nakala ya huku kabla haujaisha.

Kisichotakiwa kupita Bagamoyo kabisa

Watu hushusha jenomu ya rejea ya vimelea au ya mbu kutoka hifadhi za Ulaya hadi kwenye laptopu, halafu huipandisha klasta. Bando limeliwa mara mbili. Ingia klasta, fungua `tmux`, halafu shushia huko huko:

```
wget -c anwani-ya-faili
```

Ile `-c` inaendeleza palipokatika. Data inatoka Ulaya kwenda klasta moja kwa moja kwa mtandao wao mpana, na wewe unatumia kilobaiti chache za kuandika amri. Wakati wa kurudi ni vilevile: fanya uchambuzi na michoro klasta, urudishe majedwali na picha. Faili za BAM, zile za vinasaba vilivyokwisha kulinganishwa na jenomu ya rejea, za gigabaiti mia hazina la kufanya kwenye laptopu yako.

Kuna na shehena zisizostahili mtandao wowote wa hapa. Gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 5 ni zaidi ya siku tisa usiku na mchana. Diski ndani ya begi la mtu anayepanda daladala ya Makumbusho inafika siku hiyohiyo. Ifunge kwanza kwa nywila ukitumia programu ya VeraCrypt, nywila itumwe kwa njia nyingine, na aibebe mfanyakazi wenu anayesaini kupokea na kukabidhi, asipewe kondakta. Dar, kwenye taasisi iliyounganishwa na mtandao wa vyuo wa TERNET, faili zipandishwe kutoka pale kwa `rsync` na daftari lake lilelile. Watu wa kompyuta huona njia hii ni ya kizamani. Mimi naiona ni hesabu tu.

Ikigoma

`Permission denied` wakati wa kuingia: jina la mtumiaji limekosewa, ufunguo wa umma haujawekwa, au kwenye Mac na Linux faili ya siri inasomeka na wengine, na hapo `chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519` inatibu. Andika `ssh -v klasta` uone ni ufunguo gani unaotolewa.

`Connection timed out`: njia haipo. Mtandao wa ofisi unaweza kuwa umefunga mlango namba 22, au klasta inataka VPN ya chuo, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa nje. Jaribu kwa intaneti ya simu. Ikikubali, tatizo liko ofisini kwenu. `Connection refused` ni tofauti: umefika, lakini hakuna anayepokea hapo, na pengine wako kwenye matengenezo.

`Disk quota exceeded`: kikomo kimejaa. `du -sh ~/* ~/.[!.]* | sort -h` itakuonyesha kinachokula nafasi. Usishangae ukikuta ni folda zilizofichika za programu ulizosakinisha. `ls -a` itazitaja.

Hati ya kazi iliyoandikwa kwa Notepad ikikataliwa na Slurm kwa kulalamikia mistari ya DOS, ipitishe kwenye `dos2unix`, kisha itume tena kwa `sbatch`.

Na laptopu ikipotea, usingoje kuinunua nyingine. Mpigie msimamizi siku hiyohiyo, au kama una ufunguo mwingine kwenye kompyuta ya ofisini, ingia, fungua `~/.ssh/authorized_keys` kwa `nano`, na ufute mstari unaoishia na `laptopu-ya-kazini`. Hii ndiyo sababu ya lile jina tulilolipa ufunguo mwanzoni: kwenye faili yenye mistari minne inayofanana, ndilo pekee litakalokuambia ufute upi.